Ukuta wa Kioo Umemuumbua Kaka

Shoga, uko wapi? Kaka yangu kaumbuka leo shuleni anakofundisha, mbele ya wazazi wote!

Si unajua anavyomzimikia yule mwalimu wa muziki? Basi kajifungia kwenye darasa jipya, kaugeukia ubao, anajizoeza maneno ya kumchumbia. Ubao, jamani! 😂

Huku nje mkuu wa shule anatuonyesha ukuta wa darasa hilohilo. Wote kioo cha ukungu, huoni ndani. Kabonyeza kitufe, ukafunguka wote kama mlango, kimyaaa.

Tukasikia: "Mpenzi, naomba unioe... aah, nikuoe!"

Unioe! Shoga, UNIOE!

Kageuka. Uwanja mzima unamtazama, na mwalimu wa muziki yuko mbele kabisa.

Bibie kanyoosha mkono kama mwanafunzi: "Mwalimu, rudia. Wa nyuma hawajasikia."

Karudia, tena kwa sauti! Kakubaliwa! Mama hadi sasa analia na kucheka.