Mayai Meusi ya Kanga wa Tobias

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Prosperi Niyokwizera. Umri: miaka 46. Kazi: mkulima wa tumbaku na fundi baiskeli. Makazi: Usoke, karibu na stesheni.

Kwanza afande aandike kuwa mimi ni mtu wa bahati. Nimepanda treni toka Kigoma hadi Dar es Salaam sijaibiwa hata kandambili, na macho yangu hayajawahi kukosea yai. Nikilimulika tu, najua lina kifaranga au ni viza. Ndiyo maana jirani yangu Tobias aliniita.

Mnamo Jumapili tarehe 2 Machi 2025, saa nane mchana, tuliingia kwenye bani lake la kukaushia tumbaku, kwa kuwa mna giza. Tulibeba mayai ya kanga wake. Alikuwa ameyaatamisha kwa kuku, maana kanga hususa kiota ovyo, na yalikuwa yameingia wiki ya nne. Nikayamulika kwa tochi ya simu. Yaliyopitisha mwanga nikasema mazima, yarudi kwa kuku. Yaliyokuwa meusi tii nikasema yameoza. Tobias akayatupa hayo meusi kwenye majivu, nje.

Dafrosa, mjane jirani yetu, akapita. Akasema, "Shemeji, nipe hayo. Kuku wangu anaatamia bure."

Tobias akacheka. "Chukua, ila usitunukishie mtaa."

Nami nikaongeza, "Dafrosa, humo hata pepo halitoki!"

Akayafunga kwenye kitenge, akaenda nayo. Tulimwona sote wawili.

Wiki hiyohiyo kwake vikatoka vifaranga tisa vya kanga, vinakimbia kama watoto waliosikia kengele ya shule. Kwa Tobias halikuanguliwa hata moja. Akaja hapa kushitaki kwamba Dafrosa aliingia kwenye banda lake la kuku akabadilisha mayai, kwa sababu viza hayatoi vifaranga na "Prosperi hakosei." Mama wa watu amelala mahabusu kwa ajili ya jina langu. Uji aliokunywa asubuhi nimeleta mimi, na sukari nilizidisha.

Kabla ya kuja nimepasua mayai aliyobaki nayo Tobias, naye akitazama. Ute na kiini tu, hayakuwahi kupata dume. Yale meusi yalikuwa meusi kwa sababu kifaranga alishajaa ndani. Tobias akacheka mpaka akakaa chini. Amesema vifaranga ni vya Dafrosa, naye yuko njiani kufuta shitaka.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, bila kulazimishwa.
Sahihi: P. Niyokwizera

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Nimemuuliza ameshapima mayai mangapi ya kanga kabla ya siku hiyo. Amejibu: "Hata moja, afande. Ile bahati ya macho nilidanganya."
Koplo Advera