Jina Kwenye Mstari wa Kumi na Nne

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Stensili, karatasi za nta za kuchapia nakala, zimefika kutoka Manyoni. Mbili zimepasuka njiani. Bwana Philipo, katibu wetu, anataka orodha ya viwanja vya kijiji kipya ichapwe wiki hii. Nimestaafu ualimu ili nije kuwa karani wa taipureta! Haya.

Nimeanza. Kiwanja cha 14, hatua arobaini kutoka kisimani: dada yangu Magdalena. Kamati ilikubali wajane na wenye miguu mibovu wakae karibu na maji. Yeye ana yote mawili. Sikumwombea.

Jumatano, 4 Septemba

Shida ya zamani. Ukishaitoa stensili kwenye mashine kisha ukairudisha kusahihisha, herufi mpya inaangukia ubavuni mwa ile ya zamani. Felista, binti tunayefanya naye kazi, niliyemfundisha tangu darasa la kwanza, anakisia kwa jicho. Anakosea mara tatu kati ya nne.

Watu hudhani herufi ndiyo inayoifuata karatasi. Sivyo. Herufi hugonga mahali pamoja siku zote. Karatasi ndiyo inayosogezwa. Kwa hiyo lazima ujue, kabla ya kugonga, ni mahali gani pamekaa chini ya nyundo ya herufi.

Nimekata kipande cha picha ya eksirei ya kifua changu, ile niliyopigwa hospitali ya Kiomboi. Nimekiosha kwa magadi hadi kikawa kama kioo, nikachora mstari mmoja kwa sindano. Nimekifunga mbele ya rola. Mstari unapoonyesha, hapo hapo herufi inapiga!

Alhamisi, 5 Septemba

Kioo peke yake hakitoshi, kinataka sheria. Nimemwandikia Felista. Mstari ukiangukia nusu ya kwanza ya herufi, hesabu uko kabla yake. Nusu ya pili, uko baada yake. Ukipita mwisho wa maneno, usining'inie kwenye utupu — rudi baada ya herufi ya mwisho.

"Na ukiangukia katikati kabisa, Mwalimu?"

Nikamwambia kabla. Ukiwa kabla ya kosa bado unaliona.

Akauliza tena: jina likifutwa, na jipya ni fupi, mstari usimame wapi? Swali zuri. Nikafurahi. Nikamweleza kwa robo saa nzima: simama pale lilipoanza la zamani, mwisho uachwe wazi, macho ya watu hayatafuti nafasi tupu. Aliandika kila neno.

Jumanne, 10 Septemba

Sikwenda kazini siku tatu, homa. Leo nimekuta orodha imetolewa nakala kwa mashine ya saiklostaili na kubandikwa mlangoni.

14: Gaspari. Shemeji wa Philipo! Kijana mzima, anabeba gunia peke yake. Magdalena yuko 63, kule kwenye mawe.

Herufi zimekaa sawasawa. Hakuna hata moja iliyoyumba.

Jumatano, 11 Septemba

Nimemwuliza Felista. Aliniamkia, kisha hakuinua uso. Katibu alimsimamia abadilishe jina, anasema, na kazi anaihitaji. Stensili ilichomwa siku ile ile. Nikamkaripia. Akajibu polepole: "Mwalimu, ulinifundisha mwenyewe."

Kweli. Robo saa nzima.

Jumamosi, 14 Septemba

Mkutano. Magdalena alisimama na fimbo yake, akasema kamati ilimpa 14. Wanakamati wakatazama viatu vyao. Manase, mmoja wao, ambaye ndiye aliyelitaja jina la Magdalena kwanza kwenye kikao, alianza kukohoa ghafla!

Philipo akainua karatasi. "Mama, onyesha palipofutwa. Hata mbuzi angeacha alama." Watu wakacheka. Kisha akanigeukia: "Fundi ni huyu kaka yako. Mwalimu, jina linaweza kubadilishwa lisionekane?"

Nikasema linaweza. Kicheko kikakatika. Wakakubaliana aitwe mtu wa wilaya aje kuamua.

Njiani Magdalena hakunishukuru. "Umechelewa kusema," alisema. "Ulikuwa unaumwa homa, si ulimi."

Jumanne, 17 Septemba

Mtu wa wilaya amefika asubuhi, bwana mpole, suruali imejaa vumbi. Ameniambia nimwonyeshe kwenye stensili mpya: nichape jina, nilifute, niweke jingine. Akiona alama, Magdalena ahamie kule kwenye mawe. Asipoona, atafikiri upya.

Nikaketi kwenye mashine. Hapo Philipo, kwa sauti tamu kabisa: "Mzee wetu akiweza, basi tumjue aliyeweza. Nani atasema hakuliweka yeye jina la dada yake kwanza, nasi tukasahihisha?"

Mgeni akanitazama upya. Nimeliona hilo.

Kwa hiyo nikikosea kidogo tu, nusu ya herufi, mimi ni mzee mwongo na dada yangu anapoteza maji. Nikipatia, mimi ni mwizi. Na nikimtaja Felista, atafukuzwa yeye, si aliyemsimamia. Yuko pale mlangoni, anakunja kona ya kanga, anakunjua.

Wamekwenda kula ugali kwa Philipo. Wakirudi nitaanza. Nimeshaingiza stensili.

Alute, jirani yetu, amepita dirishani akitoka kisimani. Anasema Magdalena hakungoja: yuko kwenye 14 tangu asubuhi, amechimba shimo la tatu la nguzo za nyumba. Gaspari naye amefika na jembe. Yuko kwenye shimo lake la nne, upande wa pili wa kiwanja hicho hicho, na anachimba haraka kuliko yeye.

Nasikia viatu vya Philipo na mgeni uwanjani.