Fundi Antoni Bagenda, Mwanamume Aliyemenya Ndizi

Baba, leo mwaka umetimia tangu ulipotutoka hapa Butimba, tarehe 9 Agosti 1976. Kama wapo waliodhani mwaka ungetosha kutunyamazisha, wamekosea.

Tunakukumbuka uani kwenye kigoda chako, kisu mkononi, unamenya ndizi. Mwanamume wa Kihaya kumenya ndizi! Kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni Mama alikwenda kisomo cha watu wazima, nawe ulisema hutaki mtu achelewe kujua kusoma kwa ajili ya tumbo lako. Siku ya kwanza hukupaka mafuta mikononi, maana nani alikuwa amekufundisha? Jumapili ukaenda kanisani viganja vyeusi kwa utomvu, ukampa kila mtu mkono. Walicheka mpaka barabarani. "Huyu kalishwa limbwata!" Ukawajibu, "Basi ni tamu, nileteeni jingine."

Hukuishia nyumbani kwako. Aliyeleta kiti kutengenezwa siku za kisomo alipewa kisu kwanza. Mzee Ngosha, balozi wetu wa nyumba kumi, alinung'unika sana.

"Fundi, mimi mtu mzima, watu wananiona!"

"Ndiyo maana nimekupa, Mzee. Wakuone."

Mwezi haukuisha, mkewe naye akaanza kisomo. Salum muuza mafuta ya taa akafuata na wake. Ikafika mahali wanaume wa mtaa wanakuja uani hata kama hawana kiti kilichovunjika.

Uliondoka ghafla, kwa homa ya siku nne tu. Matanga hatujayaanua, kaka yako, Baba Mkubwa Kahigwa, akashuka kwenye meli ya Bukoba. Akasema marehemu hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo nyumba ni ya ukoo. Mama afunge vitu vyake arudi kwao na sisi mabinti. Ulikuwa umeacha karatasi kwenye sanduku la vyombo vyako vya kazi. Akaichukua yeye, akaifunua mbele ya waombolezaji, akatangaza bila haya: "Mdogo wangu ameandika, nyumba aachiwe kaka yake."

Hakujua kuwa mke wa mdogo wake anasoma. Mama akanyanyuka kwenye mkeka.

"Shemeji, naomba hiyo karatasi."

"Ya nini? Utaifanyia nini wewe?"

Mzee Ngosha akasimama. Salum akasimama. Wakasimama wote waliowahi kukaa nawe uani, mmoja mmoja. "Mpe mama asome," alisema Mzee Ngosha, na hakusema mara ya pili.

Mama alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, machozi yakimdondoka, lakini hakuruka hata moja. Nyumba ni ya mke wangu Leonsia. Karakana na vyombo vyote ni vya binti yangu mkubwa Bernadetta, ndiye mrithi wangu. Mashahidi: Ngosha na Salum. Baba, ungemwona! Tulilia kwa uchungu wa kukukosa na kwa fahari, vyote kwa pamoja.

Bernadetta anapiga randa sasa. Milango yake inafunga vizuri, ingawa bado anakosea vipimo vya droo na anakutukana kidogo kwa kutomfundisha mapema. Wanaosema tumetupa mila, waseme. Sisi tulilelewa na mwanamume aliyejua mke wake ni mtu.

Unakumbukwa na mkeo Leonsia. Mabinti zako Bernadetta, Immaculata na Teodora. Mjukuu wako Rugambwa, uliyembeba mgongoni mchana kweupe. Mzee Ngosha, Salum na wanaume wenzako wote wa uani. Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii saa moja asubuhi.

Wiki iliyopita Baba Mkubwa alituletea barua. Anataka tuwe tumehama kabla ya mvua. Mama ameisoma mwenyewe, mara mbili, na jibu lake ndilo tangazo hili. Hatuhami, Baba, wala hatutakusahau milele.