Kumtia Joto Kobe wa Zuhura

Konde, Jumatano, mwezi wa saba

Rasharasha tangu alfajiri, na kipupwe cha mwaka huu kimekuja na hasira zake. Nimekwenda dukani na sweta, wateja wakanicheka. Wacheke tu. Baridi ya barazani naiweza, ya chumbani ndiyo iliyonishinda.

Zuhura, mke wangu, yuko Unguja anasomea ukunga. Atarudi akimaliza, inshallah, na kumaliza kwenyewe bado sana. Ameniachia vitu viwili vya kunikumbusha: kanga yake nyuma ya mlango wa chumbani, na kobe.

Kobe anaitwa Mwinyi. Marehemu baba yake Zuhura alimletea kutoka Tanga alipokuwa mtoto, na katika vitu vyote vya baba huyo ndicho pekee kilichobaki. Kwa hiyo akipiga simu, neno la kwanza ni "Mwinyi hajambo?" La pili, "Amekula?" Mimi nakaa nasubiri zamu yangu mpaka salio lake linakatika.

Namwonea wivu kobe. Nimeandika, basi.

Sasa tangu baridi iingie, Mwinyi hali. Pua zinamtoka maji, kajikunyata kwenye pembe, hata mchicha hautazami. Zuhura sijamwambia. Ana mitihani, nitamwambiaje? Namjibu hajambo, kisha narudi kumbembeleza Mwinyi na mchicha.

Wiki iliyopita nikamtengenezea sanduku kwa mbao za kitanda kibovu. Mimi muuza vocha, si seremala, na mlango wake umekaa upande. Ndani nikaning'iniza globu ya zamani, zile zinazounguza mkono, maana hizi za siku hizi zinatoa mwanga tu, joto hamna. Nikajiona nimemaliza kazi.

Akaja mama mkwe, Bi Asha, kukagua. Huu ni msimu, kutwa nzima yuko kwenye kuchambua karafuu. Akatia mkono ndani ya sanduku, akaguna.

"Globu peke yake haifai kitu, mwanangu. Karafuu ndiyo moto. Mtandikie makonyo."

Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, na ukumbini kwetu yamejaa magunia. Na Pemba hii nani wa kubisha kwamba karafuu ni moto? Tumbo likisokota, karafuu. Jino likiuma, karafuu. Mwanamke akijifungua, karafuu. Isitoshe, mama mkwe habishiwi. Nikamwaga makonyo makavu sanduku zima, nikayasawazisha vizuri kama godoro la bwana harusi.

Leo baada ya sala ya alasiri narudi nyumbani, harufu inanipokea mlangoni, tamu, kama kuna pilau la walima. Nikafurahi, kumbe mama mkwe kapika! Halafu nikakumbuka kwamba Bi Asha yuko shamba na jikoni hamna mtu.

Moshi, jamani!

Globu ilikuwa imeshuka na waya wake mpaka karibu na makonyo, nayo yanafuka. Ubao wa pembeni umeshaanza kuwa mweusi. Nikachomoa waya ukutani, nikamnyakua Mwinyi. Macho yamemvimba, mdomo wazi, povu puani. Nikambeba kifuani ndani ya sweta, mbio hadi kwa daktari wa mifugo, na njia nzima nilikuwa namwomba kobe msamaha kwa sauti. Watu wamenisikia. Basi tena.

Daktari alimsafisha pua, kisha akanigeukia. "Yakhe, ulitaka kumtia joto au kumpika?" Harufu inayotupendeza sisi, kwa kifua cha kobe ni mateso, na mafuta ya karafuu yakipata moto ndiyo balaa. Akaniambia nitoe makonyo yote, nitandike majani makavu ya kawaida upande wa baridi tu. Globu ikae kwenye holda ya kauri, ifungwe juu kwa mnyororo, mbali na mbao, na izungushiwe waya wa kuku ili Mwinyi asiifikie. Joto liwe upande mmoja, ili akichoka nalo ahamie wa pili. Nitoboe matundu ya hewa, niweke kipimajoto, na nisiiache inawaka nyumba ikiwa haina mtu. Na jiko la makaa nisimsogezee kabisa.

Nimefanya yote, na Bi Asha kanishikia taa. Tulipomaliza akaketi kando ya sanduku. "Ningeiua amana ya marehemu mume wangu," akasema, akajifuta macho kwa mtandio.

Magharibi kuingia, umeme ukakatika.

Daktari alinionya: ukikatika, chupa ya maji ya moto, iviringwe nguo nzito ya pamba. Mashuka yote yako kambani, yamelowa. Nikasimama mbele ya ile kanga. Sijaifua tangu Zuhura aondoke, na Bi Asha nimemkataza asiiguse, kwa sababu bado ina udi wake na mafuta yake ya nywele. Nikaikumbatia usoni, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Kisha nikaiviringa kwenye chupa, nikamwekea Mwinyi. Akatoa kichwa taratibu, akakilaza juu yake, na asubuhi itakuwa inanuka kobe.

Simu ikaita.

"Mwinyi hajambo?" Nimechoka kudanganya. Nikamwambia yote, makonyo, moshi, daktari, chupa, mpaka kanga na kwa nini sikuifua. Nikajua leo nimekwisha.

"Na wewe," akasema, "hupati baridi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, salio lake likakatika.

Kukicha nitampigia mimi, kabla hajaingia darasani. Nitamwambia, napata, Zuhura. Napata sana.