Maelezo ya Mama Magoti Kuhusu Kadi Iliyosemwa Imekufa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada (kazini huitwa Mama Magoti)
Umri: miaka 49
Kazi: fundi wa miguu ya bandia
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya hospitali

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nasema ukweli.

Karakana yetu ina kompyuta moja, ya miaka tisa. Kigutu cha mgonjwa hupigwa picha pande zote, kisha kadi ya grafiki iliyomo ndani ya kompyuta hukokotoa umbo la kikombe cha mguu wa bandia, pale kigutu kinapoingia. Waliotengeneza kadi hiyo waliacha kuihudumia zamani. Programu zao mpya haziitambui kabisa. Programu ya zamani inaitambua, kwa hiyo hatukuigusa na kazi ilikwenda.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, saa tatu na robo asubuhi, alifika mtaalamu wa kompyuta mwenye duka lake mjini, aliyetumwa na ofisi kuu kukagua mashine. Nilimwambia, "Mwanangu, programu ya kadi usiiguse. Ukiweka mpya, kadi haitaonekana." Akajibu, "Mama, niachie kazi yangu."

Nikaenda kumpima mgonjwa wangu, fundi rangi aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili; picha za kigutu chake tulikuwa tumeshazipiga. Niliporudi saa nne, programu ya zamani ilikuwa imefutwa, pamoja na nakala yetu ya akiba. Akasema, "Kadi imekufa hii. Vitu vya enzi zile." Nikamwambia asubuhi hiyo hiyo ilikuwa inafanya kazi. Akaichomoa, akaitia kwenye begi, eti anakwenda kuitupa. Akachukua na diski ya picha za wagonjwa, eti aisafishe virusi.

Fundi rangi aliniuliza mguu wake lini. Bosi wake amempa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo anaweka mtu mwingine.

Leo tarehe 7, saa nane mchana, nilikwenda dukani kwa yule mtaalamu kudai diski. Alikuwa na mteja, mtengeneza video. Kompyuta iliyokuwa mezani ilikuwa imefunguliwa ubavuni, na kadi yetu imo, feni yake inazunguka. Niliijua kwa namba ya karakana. Alikuwa ameiwekea programu ile ile ya zamani. Akawa anamwambia mteja, "Watu wanadanganywa kwamba hizi zimepitwa na wakati. Ona kazi yake."

Kilichokuwa kinazunguka kwenye kioo ni kigutu cha fundi rangi, na mshono wake wote. Alikuwa anakibadilisha rangi, mara dhahabu, mara kijani. Mteja akauliza, "Ni kiazi?" Yule akacheka. "Kiazi chenye mshono."

Miaka ishirini na mbili nashika vigutu. Vingine vina usaha, kimoja kilikuwa na funza. Sijawahi kutapika. Leo nimetapika kwenye ngazi za duka.

Nikasema, "Zima." Akajibu, "Mama, si picha tu?"

Mteja alipojua ni mguu wa mtu, yeye ndiye aliyechomoa waya. Aliniomba radhi, na amekubali kutoa maelezo. Yule mwingine alikuwa bado anatabasamu.

Fundi rangi hajui habari ya kiazi. Naomba maelezo haya yasisomwe mbele yake.

Niliyoyaeleza hapa nimeyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Yameandikwa na kusomwa mbele yangu, tarehe 7, saa kumi na dakika ishirini jioni. Kadi na diski zimechukuliwa dukani. Kadi imepigwa picha na kukabidhiwa karakana kwa matumizi pamoja na nakala ya programu yake ya zamani, italetwa ikihitajika mahakamani. Diski imefungwa kwenye bahasha na kupigwa muhuri. Sikuifungua.