Hajapotea, Amenuna

Mwanangu kitinda mimba,

Sisi wazima, baba yako anakohoa na kubisha kama kawaida. Yule dada wa utafiti, anayewafuatilia ninyi mliozaliwa mwaka mmoja, alikuja kukuulizia. Anasema majibu yenu ya utotoni ndiyo yaliyofanya serikali ianze kuwapa watoto chakula shuleni. Basi nikakujibia: anakula vizuri, ana furaha.

"Mama, lazima ajibu mwenyewe. Asipopokea simu, tutamwandika amepotea."

"Hajapotea. Amenuna tangu agombane na baba yake."

Mpigie huyo dada. Ukishamweleza kama unakula na kama una furaha, nieleze na mimi, maana yale niliyabuni. Baba yako ndiye aliyeniletea kalamu, ila kanikataza kusema.

Mama yako