Redio na Maneno ya Kwenye Mabano

Jumatatu, 3 Juni

Nimepewa mchezo. Sikuomba.

Kwenye kikao cha asubuhi Mkuu alisema tarehe 28, siku ya mgeni rasmi, lazima shule iwe na igizo. Halafu akanitazama mimi. Ghafla walimu wengine wote wakawa na kitu cha kuandika. Mwalimu wa Hisabati akasema kwa kuwa nafundisha lugha, basi kazi imempata mwenyewe. Angalau yeye kakubali kuvuta kamba ya pazia. Asante sana.

Nina darasa la saba lenye watoto sitini na wanne. Madaftari ya kusahihisha yananifika kiunoni. Nikamwambia Mkuu sina muda. Akasema ndiyo maana kanichagua, wenye muda hawafanyi kitu. Sasa sifa kama hiyo unaikataaje?

Jumatano, 5 Juni

Nimeandika mwenyewe. Kurasa nane. Mama anapokea barua ya mwanawe aliyeondoka miaka mingi, anaisoma mbele ya majirani, na mstari kwa mstari anaelewa kwamba mtoto harudi. Basi.

Baba Watoto kasoma na kikombe cha chai mkononi. Ati ni nzuri ila inasikitisha. Nikamwambia ndivyo nilivyotaka. Akauliza kama hakuna hata mahali padogo pa kucheka. Nimemnyang'anya karatasi zangu.

Mama atakuwa Redio, hilo halina mjadala. Shule nzima inamwita hivyo. Msichana wa miaka kumi na minne, dawati la mwisho, karibu na dirisha. Akisikia kitu mara moja anakurudishia chote, na sauti ya mwenyewe juu yake: Mkuu akikemea, mlinzi akipiga chafya. Nasikia na mimi ananiigiza, ila mbele yangu hajathubutu. Kesho nawapa karatasi.

Jumatatu, 10 Juni

Mazoezi ya kwanza. Wenzake wanasoma huku vidole vinafuata mistari, mmoja kapoteza ukurasa wa tatu tayari. Redio kaja mikono mitupu. Siku nne tu, na anajua maneno yake yote na ya majirani juu! Nilifurahi. Kwa dakika tano.

Maana akaanza hivi, kwa sauti nzuri kabisa: "Mwanangu ameandika. Anakaa chini. Anakohoa. Majirani, sogeeni." Kisha akakaa, akakohoa.

Watoto walicheka mpaka wengine wakalala sakafuni. Nikamwambia ya kwenye mabano hayasemwi, yanatendwa. Akajibu, "Sawa, Mwalimu." Akaendelea: "Mwandiko huu ni wake. Kimya kifupi. Naujua."

Damu ilinichemka. Nikajua ananichezea shere mbele ya wenzake. Nimemtoa nje, kasimama juani hadi mwisho wa mazoezi. Hakubisha. Hilo nalo likaniudhi.

Jumatano, 12 Juni

Jana nilibadilisha ile barua. Palipokuwa na "nitarudi mvua zikianza" nimeweka "nitarudi nikipona". Inauma zaidi. Nikaiandika upya kwa mkono kwenye karatasi safi, nikamkabidhi Redio leo hii.

Kaishika vizuri. Macho yanatembea kutoka kushoto kwenda kulia, midomo inatetemeka panapotakiwa. Kisha anasema mvua zikianza.

Mara tatu! Nikamwambia asome kilichoandikwa. Akainama karibu na karatasi, akameza mate, akasema mvua zikianza. Nikamwambia kiburi chake akipeleke kwao, kesho nampa mtu mwingine nafasi. Machozi yalimlenga.

Baba Watoto anadhani huenda mtoto anapenda mvua. Sijacheka.

Alhamisi, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa nimefika getini nikakumbuka miwani. Nikarudi. Nyuma ya stoo ya vifaa nikasikia sauti ndogo inasoma kwa kukatakata: "Ma-ma a-na-ge-u-ka. A-na-fu-ta ma-cho-zi." Nikachungulia. Mdogo wake Redio, yule wa darasa la tatu mwenye pengo, karatasi imemgusa pua. Na Redio kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kafumba macho, anarudia: "Mama anageuka. Anafuta machozi."

Yule mdogo hajui mabano ni nini. Anasoma kila kilichoandikwa, kama tunavyomfundisha.

Nikamwambia mdogo atangulie nyumbani. Nikaingia na Redio darasani, nikaandika neno moja ubaoni. Mama. Akaliangalia muda mrefu.

"Ya kwanza ni M," akasema.

"Na zinazofuata?"

Akaanza kusugua ukucha wa kidole gumba. Kisha akasema, "Mwalimu, naomba usimwambie mama."

Mama yake anafanya usafi hospitali. Kila mwuguzi kule anajua kwamba binti yake wa darasa la saba atasoma mpaka awe daktari.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefungua kitabu changu cha alama. Kusoma kwa sauti, Redio: 78. Mwandiko wangu, peni yangu nyekundu, na pembeni nimeandika "vizuri sana".

Nakumbuka siku ile. Watoto sitini na wanne, aya moja, mmoja baada ya mwingine, na mimi nimechoka nimeshika tama. Yeye ni wa hamsini na moja kwenye orodha. Kabla zamu yake haijafika alishaisikia aya ile mara hamsini. Ningempa mia kama angetaka. Mitihani mingine ni ya kuchagua A, B, C, D, huko hata kuku angepata kitu.

Miaka miwili nimemfundisha. Miaka miwili! Na Jumatatu nimemsimamisha juani kwa sababu kasoma mabano. Najisikia vibaya, vibaya sana, na hasira zote hizi sina wa kumtupia isipokuwa mimi.

Saa nne nikaenda kwa Mkuu nimwambie. Sijafungua mdomo, yeye kaanza: yule msichana mwenye sauti, ndiye atakayesoma risala kwa mgeni rasmi. Nikasema, Mkuu, kuna jambo. Akasema mambo yote baada ya tarehe 28. Nikasimama pale nikawakumbuka wale wawili wa mwaka jana waliogundulika hawajui kusoma. Walirudishwa darasa la nne, wakakaa na watoto wanaowafika kiunoni, na baada ya wiki mbili hawakuonekana tena.

Nikasema, "Sawa, Mkuu." Nikatoka. Sina hata cha kujitetea.

Jumatano, 19 Juni

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, stooni, kabla shule haijajaa. Ba, be, bi, bo, bu. Mtoto wa miaka kumi na minne anasoma ba be bi bo bu na mwalimu anachungulia mlangoni kama mwizi.

Ila ana akili huyu! Kinachomponza ni masikio yake. Nikitamka tu, kashalishika neno, halisomi tena. Kwa hiyo sasa sitamki. Naandika, nanyamaza, namwacha atoke jasho. Leo kasoma "kabati" kwenye kabati, peke yake, akaenda akalifungua kuhakikisha.

Nimemwonyesha na mabano. Nikamwambia yaliyofungiwa humo ni ya mwandishi na mwigizaji, watazamaji hawayasikii.

"Kwa hiyo ni siri?" akauliza.

Nikasema ndiyo, siri.

"Kama hii yetu."

Nikamwambia asome mstari unaofuata.

Mazoezi ya jioni yamekwenda vizuri, kasema "nikipona". Mmoja wa majirani ana mafua na mwingine kagombana na rafiki yake, hawataki kusimama upande mmoja. Kazi ninayo.

Jumatatu, 24 Juni

Risala imetoka. Kurasa mbili, Mkuu kaandika mwenyewe, yote ni majengo na vyoo na shukrani. Katikati ya ukurasa wa pili: "Shule yetu haina mwanafunzi hata mmoja wa darasa la saba asiyejua kusoma."

Nilimsomea Redio stooni, polepole, aikamate kwa sikio, maana kwa siku nne macho yake hayawezi kufika huko. Nilipofika kwenye sentensi ile nikakimbiza maneno.

"Rudia hapo, Mwalimu."

Nikarudia.

"Na mimi niiseme hiyo?"

Nikamwambia ni hotuba tu, aiseme kama anavyosema maneno ya mchezo. Akafikiri. Akasema kwenye mchezo watu wanajua kwamba anaigiza.

Mchana nikamwomba Mkuu aifute, nikasingizia kwamba risala ni ndefu. Akasema bora afute vyoo kuliko kufuta hiyo, mgeni rasmi anaijia hiyo.

Jumatano, 26 Juni

Nimegombana na Baba Watoto bila sababu. Yaani sababu ipo, ila siyo yake. Nimemweleza yote. Kasema nimwambie Mkuu ukweli kesho. Nikamwambia kusema ni rahisi ukiwa umekaa kwenye kochi. Kasema kweli, lakini bado nimwambie.

Kesho sitamwambia. Najijua.

Ijumaa, 28 Juni

Naandika nikiwa stooni, kwenye ile ndoo. Ukumbini wanakunywa soda.

Niende kwa mpangilio. Nilikuwa nyuma ya pazia, upande wa kushoto, karatasi zote mkononi. Tulikubaliana tangu mwanzo: mtu akisahau, anageuza kichwa kushoto na mimi namnong'oneza. Mama yake Redio alikuwa safu ya tatu, katoka zamu moja kwa moja, sare ya kazi bado mwilini. Nilimwona akimgusa jirani yake begani, akamwonyesha kidole jukwaani.

Redio akaanza risala. Sauti ile. Ukurasa wa kwanza, majengo. Ukurasa wa pili, vyoo. Nikaona kidole chake kinatembea chini ya maneno, na mahali pengine kinasimama, kinarudi, kinakwenda. Hakuwa akiigiza. Alikuwa anatafuta yale anayoyajua.

Akafika pale. Akanyamaza. Akageuza kichwa kushoto.

Nilijua hajasahau. Kichwa kile hakisahau. Alikuwa ananiuliza. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamnong'oneza: "Shule yetu haina..."

Akatikisa kichwa, kidogo tu. Akawageukia watu.

"Hapa pameandikwa shule yetu haina mwanafunzi wa darasa la saba asiyejua kusoma," akasema. "Mimi niko darasa la saba. Risala hii nimesomewa."

Nikamwona Mkuu kashika ukingo wa kiti. Halafu mgeni rasmi akaanza kupiga makofi. Anacheka, anapiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata. Walidhani mchezo umeanza!

Mwalimu wa Hisabati naye akadhani hivyohivyo, akavuta kamba. Pazia likafunguka, majirani wako pale na vibao vyao vya kukalia, ikabidi tuendelee. Redio akajitupia mtandio, akakaa, akakohoa, akafungua barua. Hakusema bano hata moja. Aliposoma "nitarudi nikipona" watu wazima walikuwa wanafuta macho. Mwenye mafua alipenga kamasi kwa nguvu, wakadhani na yeye analia.

Kisha Mkuu akaja hapa. Anatabasamu, ila macho hayatabasamu. Mgeni rasmi hajawahi kuona ubunifu wa namna ile, anataka kupiga picha na mwandishi pamoja na mwigizaji, ofisini, dakika tano. Akausogelea mlango, akaurudishia, akashusha sauti. Akasema ile sehemu ya risala niliiandika mimi, sivyo, Mwalimu. Hakuweka alama ya kuuliza mwishoni. Nikamwambia tunakuja. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia.

Zimebaki dakika mbili, labda.

Redio amekaa kuliani kwangu kwenye boksi la mipira, mtandio bado kichwani. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia kwamba atafanya vile. Anasema hakujua, mpaka aliponisikia nanong'ona.

Mlango unagongwa. Nilidhani ni Mkuu. Ni mama yake. Haingii, ana adabu zake, anaongea akiwa nje.

"Shikamoo, Mwalimu." Mimi mdogo kwake kwa miaka mingi, lakini ananiamkia, sababu ya kazi yangu. "Samahani. Nauliza tu, watu wananipongeza huku. Mwanangu, yale uliyosema mwanzo, yalikuwa ya mchezo?"

Redio amegeuza kichwa kushoto. Ananitazama.